Homa Iliyotukuta Nyuma ya Mlima Meru

Wapendwa wa kwaya, kila mmoja wenu ameniuliza kwa wakati wake, na kila mmoja nimemjibu nusu nusu. Niliwaaga kwa wiki mbili na ushee, nikarudi baada ya zaidi ya mwezi, nimekonda, na hata sauti ya kuimbia sina. Mwenyekiti alinikamata mlangoni kanisani akasema, "Mama Aika, mlikuwa mnauzunguka mlima kwa magoti?" Nikacheka, nikapita. Sasa nimetulia, naandika yote mara moja, msomeane.

Wengi mnamjua Aikande, binti yangu wa pekee. Anaishi Njiro na mumewe, Lazaro, anayetembeza watalii. Msimu ule Lazaro alikuwa porini Serengeti, na Aikande alikuwa na mimba ya miezi sita. Mama yake Lazaro, ambaye sote tunamwita Yeyo, yaani mama kwa Kimaasai, anakaa Oldonyo Sambu, upande wa magharibi wa mlima. Alituma salamu kwamba anataka kumwona mkwe wake kabla hajawa mzito. Mdogo wangu Ndeshi naye, aliyeolewa Ngarenanyuki, upande wa kaskazini, akasema mkishafika huko mtashindwaje kuja kwangu? Basi tukapanga tupande kwa magharibi, tushuke kwa mashariki, tuuzunguke mlima wote.

Mimi nilikuwa na hofu moja tu, nayo ni mbu. Nimezaliwa Marangu juu, kwenye baridi, na nilipokuwa na mimba ya Aikande niliteremka Kahe kumtembelea shangazi, malaria ikanishika nusura tufe wote wawili. Tangu hapo nikisikia mlio wa mbu nasimama.

Kimandolu hadi Oldonyo Sambu

Tuliondoka kwangu Kimandolu Jumanne asubuhi kwa pikapu ya jirani yangu, Baba Glory, aliyekuwa anapeleka mabati Longido. Mapajani nilipakata mfuko wenye chandarua, mafuta ya kujipaka na soksi ndefu jozi nne.

"Mama, kule ni baridi," Aikande akasema. "Huyo mbu atavaa koti?"

"Atavaa," nikamjibu.

Tulipofika Ngaramtoni breki zikaanza kutoa harufu. Baba Glory akashuka, akainama, akasema ni dakika kumi. Zikawa saa tatu. Ilikuwa siku ya gulio, watu wamejaa mpaka barabarani, na fundi aliyeitwa alitaka kwanza anunue mbuzi wake. Mama mmoja aliyekuwa anauza mahindi ya kuchemsha alimwona Aikande amesimama ameshika kiuno. Akainuka kwenye kigoda chake, akamkalisha, yeye akaendelea kuuza akiwa amesimama.

"Ni wa ngapi huyo?"

"Wa kwanza, mama."

"Wa kwanza!" Akapekua sufuria lote mpaka akapata hindi laini kuliko mengine. "Kula wewe, ale na yeye." Tulipoondoka alitupungia mkono kama tumekaa naye miaka. Sikumuuliza hata jina.

Oldonyo Sambu tulifika alasiri, upepo unapiga vumbi usoni. Yeyo alikuwa amesimama nje ya boma, mrefu, mwembamba, shuka nyekundu na shanga shingoni, ingawa nilikuja kujua baadaye kwamba ni mzee wa kanisa kama sisi. Akaninyooshea mkono, akasema, "Takwenya!"

Mimi nikajibu, "Marahaba!"

Watoto wakaanguka chini kwa kicheko. Aikande akaninong'oneza kwamba ilitakiwa niseme "Iko". Nikasema "Iko" kwa kuchelewa, Yeyo naye akacheka, akanivuta kifuani. Kiswahili chake ni kidogo, na Kimaasai changu ndiyo hiyo "Iko" peke yake. Tukaanzia hapo.

Siku kumi kwa Yeyo

Pale bomani kuna nyumba ya matofali aliyoijenga Lazaro, lakini ilikuwa bado haina milango, upepo unaingia mbele unatokea nyuma. Yeyo mwenyewe analala kwenye nyumba yake ya zamani, ya miti na udongo, yenye moto katikati na joto zuri. Alituachia kitanda chake. Yeye akahamia kwenye ngozi, upande wa pili wa moto. Nilikataa mara tatu, akakataa kukataliwa.

Kitanda alikuwa amekiweka katikati ya chumba. Nikaona ajabu, maana kilizuia njia. Nami nilitaka kufunga chandarua. Niliangalia juu, dari hakuna, ni miti na moshi. Pembeni ukutani kulikuwa na misumari miwili mizuri kabisa. Basi nikakisukuma kitanda mpaka ukutani, nikafunga chandarua changu, nikachomekea pande zote. Nilijisikia mama hodari.

Yeyo alipoingia akasimama, akatazama. Akasema, "Hapana. Hapana hapa." Akaugusa ukuta. "Hapa kupe."

"Kupe ni wa ng'ombe, mkwe," nikamwambia polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto. "Sisi hatulali na ng'ombe."

Akatikisa kichwa. Akatafuta maneno, nikaona anavyoyatafuta. Akajipiga kifuani: "Mimi zoea." Akamnyooshea Aikande kidole: "Huyu hapana zoea."

Nikafikiri anasema baridi. "Asante, mkwe," nikasema, na nikamwongezea mwanangu blanketi.

Asubuhi niliporudi kutoka kunawa, kitanda kilikuwa kimesogezwa tena katikati na chandarua kimelegea. Nikakirudisha. Kesho yake vivyo hivyo. Siku ya tatu nilimwambia, kwa adabu lakini kwa uso mkavu, kwamba nimekuja kumlinda mwanangu na nitamlinda. Yeyo akachukua kibuyu chake, akaenda kukamua. Kitanda hakukigusa tena.

Mbali na hilo tuliishi vizuri sana. Tulikula loshoro asubuhi na jioni, ule mchanganyiko wa mahindi na maziwa ya mgando, mpaka Aikande mashavu yakajaa. Yeyo alimkanda miguu kwa mafuta ya kondoo. Mchana walikaa mlangoni, mmoja akitunga shanga, mwingine akimshikia uzi, hawasemi kitu saa nzima, na nikaona kwamba mwanangu amependwa. Mbu sikumsikia hata mmoja.

Kuzunguka kaskazini

Kutoka Oldonyo Sambu kwenda Ngarenanyuki tulipanda Landrova kuukuu iliyokuwa inakwenda kufuata nyanya. Huko nyuma ya mlima ni nchi nyingine kabisa: kavu, vichaka vya miiba, vumbi laini kama unga. Mlima Meru ulikuwa mkono wa kulia, na mbele yetu Kilimanjaro ikatoka mawinguni. Nikaiona ya kwetu kwa upande ambao sijawahi kuiona.

Gari likazama kwenye vumbi. Dereva na utingo wake wakachimba kwa mikono. Mchungaji mmoja wa ng'ombe, mtu wa makamo, alikuja akaegemea fimbo yake, akatazama, akaenda zake bila kusema. Nikamlaumu moyoni. Baada ya nusu saa akarudi na wenzake wanne, wakalisukuma gari mpaka likatoka. Dereva aliposhukuru, yule bwana akasema, "Nilikuwa nimeenda kuwaita. Ulifikiri nimeenda wapi?" Nikainamisha kichwa, kana kwamba ni mimi aliyeniuliza.

Kwa Ndeshi tulifika jioni. Alikuwa ametupikia ndizi na nyama, ile ya kwetu hasa. Aikande akaonja kijiko kimoja, akakiweka chini.

"Kichwa kinaniuma, mama."

Kufikia asubuhi alikuwa anatetemeka mpaka kitanda kinalia. Mwili moto, viungo vyote vinauma, anatapika hata maji.

"Malaria hiyo," Ndeshi akasema. "Mbu wa hii mifereji yetu ya nyanya."

Nikaona Kahe yote imerudi. Tulimpeleka zahanati kwa pikipiki mbili, mimi nikiwa nyuma nikiomba kwa sauti. Muuguzi akamtoboa kidole, tukasubiri. Hana malaria. Nikamwambia arudie. Akarudia kwa upole, jibu likawa lile lile. Akampa dawa ya kushusha homa, akasema, "Mama, mjamzito mwenye homa si wa kukaa nyumbani. Nendeni hospitali, hata kama kesho ataamka mzima."

Tungeenda. Lakini barabara ya kushuka ilikuwa imekatwa na mvua iliyonyesha juu mlimani, gari likakosekana siku mbili. Siku ya tatu ya homa Aikande alitoka jasho, shuka zikalowa kama zimefuliwa, kisha akafumbua macho akaomba ndizi. Akala sahani nzima. Mimi na Ndeshi tukalia, tukaimba, tukamchinjia kuku. Nikasema Mungu amepita. Yule muuguzi nikamsahau. Tukakaa siku sita nyingine tunakula na kupiga hadithi, mwanangu akitembea shambani kati ya nyanya, mkono tumboni. Ninyi mnanijua mimi ni mtu wa kuhimiza wengine waende hospitali. Hilo ndilo linaloniuma.

Kushuka Usa River

Tulipoondoka tulipita barabara ile inayokatiza hifadhini. Tulipanda gari la mkwe wa Ndeshi, mzee mpole anayeendesha taratibu kama anasindikiza maiti. Tulikuwa bado hatujalipita pori Aikande akanishika mkono. Kiganja chake kilikuwa cha moto.

"Mama, imerudi."

Nikamwomba mzee aongeze mwendo. Akaongeza, na pale kwenye kona tukakuta twiga barabarani. Wanne, na mtoto wao. Wamesimama tu. Ukipiga honi unavunja sheria, na mzee hakuwa mtu wa kuvunja sheria. Watalii katika gari la mbele walikuwa wanapiga picha wakifurahi. Mwanangu alikuwa ameegemea bega langu meno yanagongana, nami nawatazama wale wanyama wazuri kwa chuki ambayo sikujua ninayo. Yule mtoto wa twiga akanyonya. Mama yake hakuondoka mpaka alipomaliza. Ndipo tukapita.

Hospitali ya Usa River walimpokea mara moja. Kipimo cha malaria: hana. Mkojo: safi. Daktari, dada mmoja mwenye sauti ya chini, akaagiza damu ikaangaliwe kwa darubini wakati homa bado iko juu. Baada ya muda akatoka mzee wa maabara mwenyewe, mvi kichwani, miwani imefungwa uzi. Hakumtazama Aikande, alinitazama mimi.

"Mama, huyu binti amelala wapi mwezi huu?"

Nikamtajia.

"Nyumba ya udongo? Ya zamani?"

"Ndiyo."

"Kitanda kiligusa ukuta?"

Wapendwa, nikaikumbuka ile misumari miwili. Akanichukua mpaka ndani, akaniambia niweke jicho. Nikaona chembe za damu, na katikati yake vitu kama nyuzi nyembamba zilizojikunja, zinajinyonganyonga.

"Homa ya papasi," akasema. "Siku hizi siioni mara nyingi. Papasi ni ndugu yake kupe, ila hakai kwenye ng'ombe. Anakaa kwenye nyufa za ukuta na vumbi la sakafu. Watu wakilala anatoka, ananyonya dakika chache, anarudi ufani. Hata hamjui kama mmeumwa. Homa inakuja, inaondoka, mnasema amepona, kisha inarudi."

"Mbona wenyeji hawaumwi?"

"Wanaumwa utotoni, na wengine hawafiki ukubwani. Waliobaki miili imezoea. Anayeangushwa ni mgeni. Na mtoto mdogo. Na kuliko wote, mwenye mimba, kwa sababu hawa wadudu uliowaona kwenye damu wanavuka wanamfuata mtoto."

Mimi zoea. Huyu hapana zoea. Niliyasikia maneno ya Yeyo kama yanasemwa mlangoni. Alikuwa ametumia neno kupe kwa sababu neno papasi hakuwa nalo, na mimi, mwenye maneno yote, sikusikiliza.

Na mimi nilipimwa. Sikuwa na wadudu hao. Nilikuwa nimelala upande wa nje.

Wodini

Daktari alitueleza kwamba dawa ipo na inatibu, lakini baada ya dozi ya kwanza mgonjwa anaweza kuzidiwa kwa saa kadhaa kabla ya kupata nafuu. "Msiogope," akasema, "lakini msimwache peke yake."

Dozi ilitolewa asubuhi. Kabla ya saa sita mchana Aikande alikuwa anatetemeka hivi kwamba wauguzi wawili walimshika. Homa ikapanda, midomo ikabadilika rangi. Kisha akashika tumbo akasema linakaza. Linakaza na kuachia. Mimba ya miezi saba, siku chache tu. Muuguzi akamwita daktari, na mimi nikasogezwa pembeni.

Ndipo mlango ukafunguliwa akaingia Yeyo. Ndeshi alikuwa amempigia simu jana yake kijana wa Yeyo, mdogo wake Lazaro. Mama yule ambaye hajawahi kufika Usa River alikuja mwenyewe, ameshika karatasi aliyoandikiwa na mwalimu wa kijiji, anamwonyesha kila mtu njiani. Mkono wa pili kibuyu cha maziwa. Alipita moja kwa moja mpaka kitandani, daktari akampisha. Akapiga magoti, akamshika Aikande miguu yote miwili, akaanza kusali kwa Kimaasai, sauti ya chini, haiishi. Mimi nikamshika kichwa. Tukamshikilia hivyo, yeye huko na mimi huku, mpaka alasiri.

Mtetemeko ukapungua. Jasho likatoka. Tumbo likakaza mara moja, baada ya muda mrefu mara nyingine, kisha likaacha. Aikande akalala.

Kulikuwa na muuguzi mmoja binti wa Monduli, anajua Kimaasai. Nikamwomba akae atutafsirie. Nikasema yote: kwamba ni mimi niliyesogeza kitanda, mara ya kwanza na ya pili na ya tatu, na kwamba nilimjibu Yeyo kama mtoto. Sikutafuta maneno mazuri. Binti akatafsiri akiwa ameinamisha macho.

Yeyo akasema maneno mengi.

"Anasema hata yeye amekosa," binti akasema. "Anasema alipoolewa alitoka mbali, nyumbani kwao papasi hawapo. Katika nyumba ile alishikwa na homa ya kwenda na kurudi, mimba ikatoka. Mwaka uliofuata, tena. Wawili. Anasema alitaka kukuambia, lakini hakuweza kutamka jambo hilo mbele ya mkwe mwenye mimba. Aliogopa maneno yenyewe. Akasema nitasogeza tu kitanda."

Nikamtazama mwenzangu. Alikuwa amenibebea siri hiyo kwa adabu siku kumi, na mimi nikamkazia uso. Nikalia. Akanipangusa machozi kwa ncha ya shuka yake, kisha akamwambia yule binti kitu kingine, kwa ukali kidogo.

"Anasema mke wa mdogo wake Lazaro naye ni mjamzito, anatoka mjini, na sasa analala kwenye nyumba ile. Anauliza kama una simu yenye chaji."

Tukapiga simu pale pale. Mke huyo alihamishiwa nyumba ya matofali siku hiyo hiyo, mlango ukazibwa kwa mabati, na leo ule ukuta wa udongo haupo tena.

Kurudi nyumbani

Tulikaa hospitali mpaka dozi zikaisha, kisha wiki nzima zaidi wakihakikisha homa hairudi. Haikurudi. Lazaro alifika siku ya tatu na vumbi la porini kwenye kope, hakumuuliza mtu yeyote kosa ni la nani. Safari ya Usa River mpaka Njiro ni ya lami tupu, lakini alituendesha kana kwamba tumebeba mayai, Yeyo mbele, sisi nyuma. Yeyo akabaki nasi mpaka Aikande alipojifungua. Mtoto mmeshamwona wenyewe, mmeshampakata, na Mama Mchungaji ameshasema ana kidevu changu, kwa hiyo huyo sina haja ya kumsimulia.

Ila kuna jambo moja sijamwambia mtu. Asubuhi iliyofuata ile siku mbaya, kabla Lazaro hajafika, mkunga alikuja na kile kibomba cha kusikilizia mtoto. Akakiweka tumboni kwa Aikande, akainama. Akahamisha. Akainama tena. Akahamisha mara ya tatu. Kisha akatabasamu, akanipisha nisikie. Niliusikia moyo unapiga haraka haraka. Nikampisha Yeyo.

Aliweka sikio, akafumba macho. Alikaa pale kwa muda mrefu. Aliponyanyuka alifungua mdomo, akatafuta Kiswahili, hakikuja. Basi akauchukua mkono wangu, akakikunjua kiganja, akaanza kukigonga kwa kidole kimoja, haraka haraka, kama ule moyo ulivyokuwa unapiga. Nikaitikia kwa kichwa kwamba ndiyo, nimesikia, ndivyo kabisa. Wauguzi walikuja wakabadilisha shuka, chai ikaletwa ikapoa, na yeye alikuwa bado anagonga.